Chakula Kilicholipiwa Kabla ya Njaa

Jumatatu, 26 Mei

Mke wa mchungaji ametugawia akina mama madaftari haya yenye jalada la maua. Kasema kiangazi kizima tuandike shukrani, walau moja kwa siku. Mungu anisamehe, mimi daftari langu nimelipatia kazi nyingine.

Leo ilikuwa sikukuu ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, shule zimefungwa, mume wangu Wendell alikuwa uani anachoma mbavu. Wifi yangu Marvella akaja na gari lake jeupe na faili mkononi. Marvella ni dada mkubwa wa Wendell, alikuwa karani wa mahakama miaka ishirini na saba, na hata akikusalimia unaona kama umeitwa kizimbani. Akatutangazia kwamba mwezi wa saba ukoo wetu mdogo unakwenda Florida, Bustani ya Mfalme Mamba, ile ya michezo yenye hoteli yake, siku sita. Yeye, mjukuu wake Jolie, mimi na Wendell, na mama mkwe wangu, Mama Eula, anayekaa nasi hapa.

"Na chakula chote tunalipia kabla," akasema. "Unavaa bangili, unaigusisha kwenye mashine, unakula. Mlo mmoja wa kukaa mezani kwa siku, mmoja wa haraka, kitafunio kimoja. Hakuna kufungua pochi."

Nikamuuliza, "Na kuku wa njiani?"

Maana katika nyumba hii safari bila kuku wa boksi si safari. Mama Eula alinifundisha mwaka ule ule nilioolewa: kuku wa kukaangwa amefungwa karatasi ya nta, yai la kuchemsha, kipande cha keki, vyote ndani ya boksi la viatu. Mama yake alimfungia hivyo enzi ambazo hakuna mkahawa njiani uliomfungulia mtu wa rangi yetu mlango wa mbele. Siku hizi milango iko wazi, lakini boksi hatujaliacha.

Marvella akatabasamu. "Wifi, mwaka huu pumzika. Harufu ya kuku wako inaganda kwenye viti vya gari langu mpaka Krismasi. Na tukifika kule tusionekane kama watu waliotoroka njaa."

Watu wakacheka. Wendell naye akacheka, kisha akaniona uso, akarudi kwenye mbavu zake haraka.

Mimi nimepika miaka thelathini na moja. Watoto mia nne wanakula mkono wangu kantini ya shule, na hakuna msiba kanisani ambao sufuria yangu haikuwepo. Aliponigusa pale alinigusa pasipo na mfupa wa kukinga.

Basi nimeapa. Jumamosi ya tarehe mbili Agosti ni siku ya ukoo, watu sitini kwenye uwanja wa kanisa, na kila mwenye neno husimama. Nitasimama. Nitakuwa nimeandika kila tonge la huo mpango wake: lilikuwa nini, lilifika saa ngapi, lilimezeka au halikumezeka. Nitasoma mbele ya wote, na Marvella atakaa pale na faili lake asikilize. Najua kisasi si changu. Lakini ushahidi ni wangu.

Jumanne, 27 Mei

Mvua. Shukrani: nina kalamu.

Jumanne, 3 Juni

Tumelipa. Sharti la bustani ni kwamba walioandikishwa hotelini kwa jina moja lazima wote wanunue chakula, hakuna wa kujitoa. Ya Mama Eula kalipa Marvella. Ya kwetu wawili imetoka kwenye dola nilizokuwa naweka za kubadilisha tanuri, na sisi wa kantini kiangazi hatulipwi.

"Mke wangu, acha vita na dada," Wendell akasema.

"Sina vita. Nina daftari."

Jumatano, 11 Juni

Hili sikulijua: kuwa na chakula hakukupi mahali pa kukilia. Meza inabidi uiombe wiki nyingi kabla. Marvella kapiga simu saa kumi na mbili asubuhi, sauti imekauka, anasema yuko kwenye foleni ya kompyuta tangu alfajiri. Amepata chakula cha jioni cha saa tisa na nusu alasiri, na chakula cha mchana cha saa nne asubuhi. Nimeandika. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka nikashika sinki.

Jumamosi, 14 Juni

Mayai dola sita! Nimeingia na mifuko nikapiga kelele toka mlangoni, nyama imepanda, siagi imepanda, hata kabichi. Mama Eula akatoka chumbani kuona kuna nini. Mchana kala nusu ya viazi vyake. "Mimi nimeshiba, mwanangu. Mpe Wendell."

Alhamisi, 19 Juni

Pikiniki ya kanisa, kuku wangu amesifiwa na mashemasi wawili. Mama Eula kala bawa moja. Daktari juzi alisema amepungua tena, na kwa dawa zake za sukari lazima ale vizuri. Marvella akasema mbele ya watu, "Mama lazima ale. Mimi nitahakikisha anakula." Yaani kwangu anashinda na njaa? Nimeandika maneno yake kama yalivyo, na tarehe.

Jumapili, 29 Juni

Joto. Mahubiri yalikuwa juu ya kusamehe. Feni ya upande wetu ilikuwa mbovu, sikusikia vizuri.

Jumamosi, 5 Julai

Tumekaa barabarani saa tisa nzima. Sikukaanga kuku, nimetii kama mwanakondoo. Tulipovuka mpaka wa Florida Mama Eula akauliza, "Boksi langu liko wapi?"

Nikatazama dirishani. Acha ajibu mwenye gari.

"Mama, leo tunanunua hukohuko njiani," Marvella akasema. Tukala mkate wa soseji wa kituo cha mafuta, baridi katikati. Mama Eula akauzungushia karatasi yake akautia kwenye mkoba. Nilijisikia raha, siwezi kudanganya kwenye daftari la kanisa.

Jumapili, 6 Julai

Siku ya kwanza. Mfalme Mamba ni mtu aliyevaa vazi la mamba mwekundu mwenye taji, na yuko kila mahali, hata kwenye karatasi ya chooni. Tumevishwa bangili. Tumesali pamoja chumbani kwanza kwa kuwa ni Jumapili. Marvella akaomba dakika kumi, akanitaja kwa jina: Bwana alainishe mioyo migumu.

Chakula cha haraka, mchana: foleni dakika arobaini juani. Mkate na kuku. Kuku huyo, wapendwa, nilimbonyeza akatoa maji. Jolie ana miaka kumi, na kuanzia kumi mtu anahesabiwa mtu mzima, kwa hiyo kalipiwa mlo wa mtu mzima ili ale chipsi nne. Nimeandika.

Jioni mezani. Hapa niliona jambo la ajabu. Mhudumu alipoleta menyu, Marvella aliichukua ya Mama Eula kabla haijagusa meza. "Nitakusomea, Mama." Mama akapapasa mkobani. "Miwani yangu jamani, asubuhi nilikuwa nayo." Nami nikaiona kwa macho yangu! Imechungulia kwenye mkoba wa Marvella, na kamba yake ya buluu.

Kamnyang'anya mama mzee miwani ili amtawale hadi anachotafuna. Akamsomea anavyotaka yeye: "Kuna samaki, kuna nyama ya ng'ombe, kuna kamba wadogo."

"Na bei?"

"Mama, hapa hakuna bei. Chakula kinakuja na chumba, kama maji ya bomba."

Uongo huo, Jumapili. Nimeupigia mstari mara mbili. Ila, kwa kuwa natakiwa kuandika kila tonge: Mama Eula aliagiza samaki, akala wote, na mahindi, na pudingi ya ndizi, akalamba kijiko.

Jumatatu, 7 Julai

Saa tisa alasiri mbingu zikapasuka, radi mpaka michezo ikafungwa. Meza yetu ilikuwa upande wa pili wa bustani. Tumevuka mafuriko tumevaa mifuko ya plastiki, maana ukichelewa robo saa meza inakwenda na pointi ya mlo wako iliyo kwenye bangili inakwenda nayo.

"Kimbieni!" Marvella anapiga kelele, anasukuma kiti cha magurudumu cha mama. "Meza! Meza!"

"Dada, ni chakula au ni mashindano?" Wendell akamwuliza.

"Wewe funga mdomo ukimbie."

Nilikula mezani nikiwa nadondosha maji. Nyama ngumu. Mama kamaliza yake na kaomba mkate wa kufutia mchuzi.

Jumanne, 8 Julai

Radi saa tisa. Nina kurasa tisa. Pakiti za vidakuzi tunabebana nazo, maana pointi za vitafunio zinabaki na hakuna mwenye hamu. Ikifika saa sita usiku wa siku ya mwisho hazijatumika, zinafutwa, hakuna marejesho. Hiyo nitaisoma polepole siku ya ukoo, na nitanyanyua macho nimtazame.

Mama kala mbavu. Zote.

Jumatano, 9 Julai

Ningependa kuiruka siku hii, lakini nilisema nitaandika yote.

Mchana tulikuwa na meza ya Mfalme Mamba mwenyewe, ile anapita anapiga picha na watoto. Ni bafe, kila mtu anajichotea. Mimi nilichota kidogo, kwa makusudi, nikawa nageuzageuza kwa uma.

Marvella akaniona. "Wifi, kula. Hii siyo kantini, hakuna anayekupimia kwa kijiko."

Jolie akacheka, mtoto, hana kosa. Hata mhudumu akatabasamu. Nikahisi joto linapanda kutoka visigino. Wakati huohuo Marvella akainuka kumfuata Jolie kwenye picha, akaniachia mkoba wake, "Nishikie." Mama Eula naye alikuwa na sosi kidevuni, akaniomba kitambaa. Nikafungua mkoba nitafute kitambaa, na miwani hiyo hapo.

Ningeweza kuifunga tena zipu. Nilipata muda wa kutosha kufikiri, nisijitetee. Nikaitoa, nikampangusa mama kidevu, nikamvalisha miwani. Kisha nikachukua kadi ya bei iliyokuwa imesimama katikati ya meza, karibu na chumvi, nikamwekea mbele.

"Soma mwenyewe, Mama. Macho ni yako."

Mama Eula husoma menyu kutoka kulia. Siku zote. Kwanza bei, halafu akipata bei anayoiweza ndiyo anatazama ni kitu gani. Kidole chake kikaenda kulia, kikasimama.

"Nadine, hii ni sitini na nne ya nini?"

"Dola, Mama. Kwa kichwa."

"Kwa sisi wote?"

"Kwa kila mmoja. Hata Jolie."

Sahani yake ilikuwa na nyama, viazi, maharage ya kijani na kipande kikubwa cha mkate wa mahindi, keshakimega. Akauweka chini uma taratibu, kama unavyoweka kitu cha mtu mwingine ulichokishika bila ruhusa. Akakirudisha kile kipande cha mkate mahali kilipomegwa, akakiunganisha kwa vidole.

"Mimi nimeshiba," akasema.

Marvella akarudi na mamba nyuma yake, wanacheka. Akaiona miwani. Akaiona kadi. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Majibu nilikuwa nayo matatu, ya kuchagua. Akaketi, akachukua uma wa mama, akadunga kipande cha nyama akampelekea mdomoni kama mtoto.

"Tonge moja, Mama. Kishalipiwa."

"Nani kalipa?"

"Mama..."

"Nimekuuliza, Marvella. Nani kalipa sitini na nne nile maharage?"

Jioni Mama hakwenda mezani. Kaomba kikombe cha maji ya moto na limau, akatoa mkobani biskuti mbili za chumvi, za bure, za mkahawa wa juzi.

Nimeshinda. Naandika neno hilo nalitazama.

Alhamisi, 10 Julai

Asubuhi maji ya moto na limau. Biskuti moja. Nilimsihi, Wendell akamsihi, Jolie akamwambia, "Bibi, chipsi zangu hizi chukua." Akambusu mkono akamrudishia. Vidonge vyake vya sukari nilimpa mimi mwenyewe, saa mbili, kama kila siku. Nilijua hajala. Nikasema atakula mchana.

Mchana kasema kashiba.

Saa tisa radi, kama kawaida, tukajibanza na watu wengine chini ya paa la mabati la mchezo wa mashua. Nilikuwa nimeshika kiti chake cha magurudumu. Nikasikia anazungumza, nikadhani ananisemesha mimi. Alikuwa anamwambia mama yake aliyekufa tangu sijazaliwa: "Mama, nishikilie boksi, nadondosha." Jasho jembamba usoni, na mikono baridi kama ya kuku wa friji. Kisha kichwa kikaanguka pembeni.

Sitaki kuandika nilivyopiga kelele.

Wakamchukua kwenye chumba chao cha huduma ya kwanza. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Wakampaka kitu kitamu kwenye ufizi, na baada ya dakika ambazo sitazisahau akafungua macho, akapewa maji ya machungwa, akauliza kama ile juisi ni ya kulipia.

Wendell akakaa naye ndani. Mimi na Marvella tukawekwa kwenye benchi la nje, chini ya picha ya mamba anayevaa bandeji. Mvua inapiga bati. Nikasema, "Wifi, nisamehe."

"Subiri kwanza, nikuambie," akasema. Sauti ya chini, ile ya mahakamani. "Miaka thelathini nampeleka mama mikahawani. Kila siku ya kuzaliwa, kila siku ya akina mama. Hajawahi kumaliza sahani. Anatafuta bei ya chini kabisa, akiletewa anasema kashiba, anatufungia watoto. Mwaka juzi tulikwenda kwenye mkahawa wa kamba wadogo, akala biskuti za chumvi, nikalia kwenye maegesho. Ndipo nikasikia kwa mtu wa kazini kuhusu bangili hizi. Nikasema, hapa bei haitakuja mezani. Na kila mtu ana mlo wake, huwezi kumpa mwingine. Atakula. Siku sita katika maisha yake, mama yangu atakula kama mtu aliyealikwa."

"Kwangu anakula," nikasema.

"Kwako anakula bawa. Umewahi kumwona anakula paja? Mimi nina miaka sitini na mbili sijamwona. Paja ni la Wendell, kifua ni cha baba, bawa ndilo lake. Na boksi lake la safari tulikuwa tunalimaliza sisi, ndiyo maana nikasema boksi lisije." Akanigeukia. "Na wewe unaingia na mifuko kila Jumamosi unatangaza bei ya mayai kama redio. Mama anakusikia. Unadhani kwa nini anapungua?"

Nilipangusa mvua magotini kwa kiganja.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungenyamaza? Wewe?" Kisha akacheka puani. "Ile ya harufu ya kuku, sikuwa na sababu. Hiyo nilisema kwa ubaya tu."

"Najua."

"Nilijua unajua."

Ijumaa, 11 Julai

Siku ya mwisho. Wa huduma ya kwanza wamemruhusu Mama akae kitini, kivulini, lakini wakasema lazima ale kila saa chache. Asubuhi Marvella akaleta uji wa mahindi na mayai. Mama akafunga mdomo kama mlango wa benki. "Mpeni Jolie."

Marvella akanitazama. Safari hii hayakuwa macho ya kesi. Alikuwa amechoka, rangi ya kucha imembanduka, mtoto anayeogopa kufiwa na mama. Nami nikafikiri: umelipika jambo hili mwenyewe, Nadine, sasa lipakue. Ni mimi niliyemwonyesha bei, na bei haifutiki machoni mwa mtu aliyekwisha kuiona. Huwezi kumwambia Mama Eula kwamba kitu ni rahisi. Lakini miaka thelathini na moja ya kuishi naye inatosha kunifundisha kwamba kuna dhambi moja anaichukia kuliko ughali.

Nikafungua daftari hili hapa, kwenye ukurasa wa Jumanne, ule niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya kumchoma Marvella. Nikamvalisha miwani.

"Mama, soma hapa. Pesa zilishakwenda tangu mwezi wa sita. Hazirudi, ule usile. Sasa tazama: usiku wa leo, saa sita, kila pointi ambayo haijatumika inafutwa."

"Inafutwa inakwenda wapi?"

"Haiendi popote."

"Anapewa nani?"

"Hapewi mtu, Mama. Inatupwa."

Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa chake kikubwa cha kichwa. Akaivaa tena. "Inatupwa?"

"Inatupwa."

"Chakula cha watu. Kinatupwa." Akamgeukia Marvella. "Na wewe ulikuwa unakaa hapo unanitazama? Nimekulea vipi? Leteni uji huo."

Akala uji, mayai, akauliza tuna pointi ngapi. Za mezani zilikuwa tano, za haraka nane kwa sababu ya siku zilizoharibika, na vitafunio kumi na saba. Kumi na saba! Mama Eula akashika kidevu. Kisha akanyoosha fimbo yake mbele kama Musa.

"Sukumeni."

Sijawahi kuona siku kama hiyo. Kutoka kibanda hadi kibanda, yeye mbele kitini, mkono wenye bangili umenyooshwa, miwani puani. Mchana alikula nusu kuku wa kuoka. Kanitazama akasema, "Wako ni bora," kwa sauti ya kusikika meza tatu. Marvella akatazama dari. Jioni alikula nyama, safari hii akaila na mafuta yake. Radi ilipokuja tulikuwa ndani, tunakula pudingi. Vitafunio tulivyoshindwa tulivifunga: Jolie alikuwa amenunuliwa viatu vyenye taa, nikaomba boksi lake, nikalitandika karatasi, nikapanga vidakuzi, karanga, tufaha, mikate ya mdalasini.

"Haya," Mama akasema, "sasa hilo ndilo boksi."

Pointi ya mwisho aliitumia kwa maji ya chupa. Hakuwa na kiu.

Jumamosi, 12 Julai

Safari ya kurudi. Gari la Marvella limenuka mdalasini saa tisa nzima. Nikamwambia, "Wifi, harufu hii itaganda mpaka Krismasi." Akawasha redio.

Jumapili, 20 Julai

Mayai yamepanda tena. Nimeingia na mifuko nimeyanyamazia. Ulimi unauma kwa kuung'ata.

Jumatano, 23 Julai

Mama: "Mimi nimeshiba." Mimi: "Sawa, Mama, natupa." Kala.

Jumamosi, 2 Agosti

Siku ya ukoo. Watu sitini na wanne, meza zimeungana kuanzia mlango wa kanisa hadi kwenye miti ya msonobari. Nilikaanga kuku kumi na wawili.

Marvella alisoma taarifa yake ya mwaka, faili mkononi. Alipofika kwenye safari ya Florida akainua macho. "Wifi yangu Nadine ana neno. Ameliandika kiangazi kizima." Akakaa, akakunja mikono, akasubiri hukumu. Wendell akafumba macho.

Nikasimama na daftari langu la maua. Mke wa mchungaji alikuwa mstari wa mbele, ananiitikia kwa kichwa, anangoja shukrani zake. Kurasa zote zilikuwepo: kuku wa maji, foleni, mbio za kwenye mafuriko, miwani. Nikazifungua. Nikasoma ukurasa mmoja tu, wa tarehe tisa Julai, wote, kuanzia mkoba hadi pale nilipoandika kwamba nimeshinda. Nilipofika mwisho Jolie akanisogezea maji.

Kisha Otis, binamu ya Wendell, mwenye watoto sita na haya hana, akauliza toka nyuma: "Shemeji, pole sana. Lakini sisi tunakwenda mwezi wa kumi. Huo mpango wa chakula tununue au tusinunue?"

"Kwa watoto wako wanaokula chipsi nne? Usinunue," nikasema. "Utakimbia mvuani kama mwizi na utarudi na vidakuzi. Lakini ukiwa na mama wa aina ya Mama Eula, nunua. Na miwani umfichie wewe mwenyewe."

Marvella ndiye aliyeanza kucheka.

Tulipopakua nilisimama mimi kwenye sinia la kuku, na hapo hakuna wa kunipangia. Mama Eula nikamwekea paja. Akalitazama, akanitazama, akasema mpe Wendell. Nikasema Wendell hataki, nalipeleka kwenye pipa. Akalishika kwa mikono miwili, akaling'ata mbele ya watoto wake wote wawili, mafuta yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Marvella akageuka upande akawa anatafuta kitu kwenye mkoba wake, muda mrefu.

Aliporudi kwenye foleni na sahani yake nilikuwa nimemwekea cha kwake tayari. Akatazama. "Wifi. Hii ni shingo."

"Kula, wifi. Hii siyo Florida."

Bwana bado ananishughulikia. Shukrani ya leo: shingo zilikuwa kumi na mbili.